Kabla Hujazima na Kuwasha Ruta: Kuujua, Kuutengeneza na Kuulinda Mtandao wa Ofisi Ndogo

Katika ofisi nyingi ndogo malalamiko ni ya sentensi moja: "Mtandao hamna." Aliyeshindwa kuingia kwenye mfumo wa serikali anasema hivyo, aliyetuma waraka kwenye printa na haukutoka anasema hivyo, na yule ambaye simu yake imeshika waifai lakini ukurasa haufunguki naye anasema hivyohivyo. Jibu nalo ni moja: zima ruta, subiri kidogo, washa. Mara nyingi mambo hurudi, watu wanaendelea na kazi, na chanzo hakijulikani. Baada ya siku chache tatizo linarudi lilelile.

Tabia hiyo ina madhara kuliko inavyoonekana. Ruta nyingi za bei nafuu hutunza kumbukumbu za matukio kwenye RAM, hifadhi ya muda inayofutika umeme ukikatika, kwa hiyo ukiizima unafuta ushahidi wa kile kilichotokea dakika tano zilizopita. Zaidi ya hapo, ofisi ambayo haijui kwa nini mtandao wake unakwama haiwezi kujua pia kama kuna mtu ameuingia. Fundi anayetafuta hitilafu na mlinzi anayezuia wezi wanahitaji maarifa yaleyale: vifaa vilivyopo ni vipi, vina anwani gani, vimeungwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuvigusa. Ofisi yenye majibu hayo hutengenezwa haraka na huingiliwa kwa shida.

Tuchukue mfano wa wakala wa forodha Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, wafanyakazi kumi na wanne. Faiba inaingia kwenye kiboksi cha kampuni ya intaneti, kutoka hapo waya unakwenda kwenye ruta, kisha kwenye swichi ya matundu 24, kifaa kinachounganisha nyaya zote za ofisi. Kwenye swichi kuna kompyuta za mezani, printa mbili, kifaa cha waifai, kamera za ulinzi na DVR yake, yaani mashine inayorekodi picha zake, na kompyuta moja yenye programu ya uhasibu ambayo wote wanaitumia kama seva. Hapa mtandao ukilala, nyaraka za mteja haziingii kwenye mfumo wa forodha, kontena linabaki bandarini na gharama za hifadhi zinaendelea kuhesabika. Hakuna muda wa kubahatisha.

Anzia kwenye waya, panda juu

Kabla ya kugusa chochote, uliza maswali matatu. Tatizo ni la mtu mmoja au la wote? Ni la waliounganishwa kwa waya, kwa waifai, au wote? Ni kila tovuti, au ni mfumo mmoja tu? Ikiwa kumi na watatu wanafanya kazi na mmoja amekwama, ruta haina kosa, na ukiizima utawakatia kazi watu kumi na watatu bure.

Sasa nenda kwa mtu huyo mmoja, utazame taa kwenye tundu la waya nyuma ya kompyuta. Ikiwa haiwaki, shida ipo kwenye waya, kichwa chake, au tundu la swichi. Kebo za kawaida za ofisi, Cat5e na Cat6, zimewekewa kikomo cha mita 100, na ndani yake kuna nyaya nane zilizosukwa jozi nne. Kasi ya megabiti 100 inahitaji jozi mbili tu. Gigabiti moja inahitaji zote nne. Ndiyo maana kompyuta ambayo zamani ilisoma 1000 na sasa inasoma 100 inakuambia jambo: pengine uzi mmoja umekatika au kichwa kimebanwa vibaya. Kiti cha ofisi kinachopita juu ya waya kila siku kinatosha kufanya hivyo.

Taa ikiwaka, angalia anwani, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig /all`. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hiyo haitakufikisha popote nje ya ofisi. Ukiona anwani ya kawaida ya ndani, mathalani 192.168.1.25, endelea: piga `ping`, amri inayotuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu, kwenye anwani ya ruta (mstari wa "Default Gateway"), kisha kwenye anwani ya nje kama 8.8.8.8 au 1.1.1.1, kisha kwenye jina la tovuti. Mike Muuss aliiandika programu hiyo ya ping Desemba 1983, nayo bado ndiyo ya kwanza mkononi mwa fundi, kwa kuwa kila jibu linafunga mlango mmoja. Ruta isipojibu, shida iko ndani ya ofisi. Ruta ikijibu na namba ya nje isijibu, shida inaanzia kwenye ruta yenyewe na kuendelea nje. Namba ikijibu na jina lisijibu, intaneti ipo; kilichokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba, na dawa yake ni kubadili anwani ya DNS kwenye ruta.

Tatizo likiwa nje, kubali kwamba liko nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakabaki na intaneti ya kusuasua. Siku hiyo kuzima na kuwasha ruta hakukuweza kusaidia, kwa kuwa kosa halikuwa kwenye ruta. Ping mbili zingeonyesha hivyo ndani ya dakika.

Hitilafu mbili zinazopoteza watu

Ipo hitilafu ambayo ningependa kila mwenye ofisi aifahamu, kwa kuwa inachanganya kuliko zote na inafungua mlango wa wizi. Mfanyakazi anaona waifai haifiki kwenye meza yake. Ana ruta ya zamani nyumbani, anaileta, anachomeka waya wa ofisi kwenye mojawapo ya matundu yake ya ndani. Waifai inawaka, amefurahi. Kesho yake nusu ya ofisi haina mtandao, keshokutwa ni nusu nyingine.

Sababu ni DHCP, huduma inayogawa anwani. Kompyuta inapowashwa hupaza sauti kwa mtandao mzima: nani atanipa anwani? Haiulizi kitambulisho cha anayejibu. Kwa kawaida inapokea jibu la kwanza. Sasa ofisi ina wagawaji wawili. Aliyejibiwa na ruta halali anafanya kazi. Aliyejibiwa na ile ya nyumbani amepewa anwani ya ukoo mwingine, na ameelekezwa kwenye lango lisilo na njia ya kutoka. Anwani hizi hutolewa kwa muda maalumu kisha huombwa upya, ndiyo maana tatizo linahama kutoka meza hadi meza. Ukizima na kuwasha, baadhi ya watu wanabahatika kupata mgawaji sahihi, na unaamini umetengeneza.

Kuibaini si kazi ngumu. Katika majibu ya `ipconfig /all` kuna mstari wa "DHCP Server". Linganisha kompyuta inayofanya kazi na iliyokwama. Anwani zikitofautiana, una mgeni. Andika `arp -a` kwenye kompyuta iliyokwama, utapata anwani ya MAC ya mgeni huyo, yaani namba ya kudumu ya kifaa. Tarakimu zake sita za mwanzo kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Kama swichi yako ni ya kusimamiwa, yaani ile unayoweza kuingia na kuipanga, itakuonyesha MAC hiyo imeingilia tundu la ngapi. Fuata waya.

Lakini usiishie kuing'oa. Ruta hiyo ilikuwa na waifai yake, pengine yenye nywila ya kiwandani, na kila aliyeikamata kutoka ghorofa ya chini alikuwa ndani ya ofisi yako, mtandao mmoja na seva ya uhasibu. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kufanya jambo hilohilo kwa makusudi: akachomeka kifaa kidogo kinachogawa anwani na kujitangaza kuwa ndicho lango na ndicho DNS, kisha mawasiliano ya watu yakapitia kwake. Swichi za kusimamiwa zina kinga iitwayo DHCP snooping: unaitajia tundu moja tu linaloruhusiwa kugawa anwani, na majibu kutoka kwingine yanatupwa. Kwa ofisi ya watu kumi na wanne, tofauti ya bei kati ya swichi hiyo na ya kawaida inalipa.

Hitilafu ya pili ni kitanzi. Mtu anasafisha, anakuta waya unaning'inia, anauchomeka kwenye tundu lililo karibu. Bahati mbaya ncha yake ya pili tayari ipo kwenye swichi ileile. Pakiti za IP, vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zina kihesabu kinachopungua kila zinapopita ruta, hadi zinakufa. Fremu za Ethernet, bahasha zinazobeba pakiti hizo kwenye waya, hazina. Tangazo moja likiingia kwenye kitanzi linazunguka bila kukoma na kuzaana, na ndani ya sekunde chache mtandao wote umejaa. Dalili yake huonekana kwa macho: taa zote za swichi zinapepesa pamoja, kwa kasi ileile, na hata printa ya ndani haifikiki. Kuzima ruta hakusaidii kitu, kwa kuwa ruta haihusiki. Radia Perlman alibuni njia ya kuzuia vitanzi, spanning tree, mwaka 1985 akiwa kampuni ya DEC, lakini swichi nyingi za bei ya chini hazina. Bila hiyo, chomoa nyaya moja baada ya nyingine hadi taa zitulie; uliochomoa mwisho ndio wenye kitanzi.

Mengine ni mepesi. Printa "iliyopotea" kwa kawaida imebadilishiwa anwani. Itengee anwani yake ya kudumu kwenye ruta. Waifai inayokatika katika jengo lenye ofisi nyingi inagombana na majirani: masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, kwa hiyo tumia 5 GHz kwa simu na kompyuta za mkononi, na kompyuta za mezani zipe waya. Ruta na swichi ziwekwe kwenye UPS.

Ulinzi: anza na vifaa visivyo na kioo

Ukizungumzia ulinzi, watu hufikiria antivirusi kwenye kompyuta. Kompyuta ina mtu anayeitazama kila siku. Ruta, kamera na DVR hazina, na hapo ndipo ofisi nyingi zimeachwa wazi.

Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera, DVR na ruta duniani kote kwa orodha ya majina na nywila za kiwandani takriban sitini. Hakikuhitaji ujanja zaidi ya huo. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliishambulia Dyn, kampuni ya DNS ya Marekani, na Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi. DVR ya wakala wetu wa forodha, iliyofungwa na fundi wa kamera akaacha nywila aliyoikuta, ni ya aina ileile.

Ruta za MikroTik, ambazo zimejaa katika ofisi na mikahawa ya intaneti ya kwetu, zilikuwa na udhaifu katika Winbox, huduma ya kuzisimamia, uliomwezesha mtu wa nje kusoma majina na nywila za wasimamizi bila kuingia. Mtengenezaji alitoa marekebisho Aprili 2018. Miezi kadhaa baadaye ruta nyingi mno zilikuwa hazijasasishwa, na wahalifu wakazitumia kupachika programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwenye kurasa za watu. Kosa halikuwa tena la mtengenezaji.

Mei 2018, mwezi mmoja baada ya marekebisho hayo, ikatangazwa VPNFilter, programu ya wahalifu iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zipatazo 54, zikiwemo ruta za Linksys, MikroTik, NETGEAR na TP-Link. FBI iliwataka watu wazime na kuwasha ruta zao. Ushauri huo ulikuwa na maana, kwani sehemu ya pili na ya tatu za programu hiyo zilifutika. Lakini sehemu ya kwanza ilijichimbia kwenye hifadhi ya ruta na ilibaki hata baada ya umeme kukatika, ikisubiri kuziita nyingine tena. Kuisafisha kulihitaji kurudisha ruta katika hali ya kiwandani, kuweka toleo jipya la programu yake, na kubadili nywila. Kama ungezima na kuwasha tu, mtandao ungerudi na mwizi angebaki.

Kwa hiyo kwenye ruta fanya hivi: nywila ya msimamizi iwe mpya na ndefu, programu yake isasishwe, ukurasa wa usimamizi usifunguke kutoka nje, UPnP izimwe, kwani inaruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia mlango wa kuingiliwa kutoka nje. Zima pia WPS, njia ya mkato ya kuunga kifaa kwenye waifai. PIN yake ina tarakimu nane, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu, hivyo majaribio yanayohitajika hayazidi 11,000. Udhaifu huo unajulikana tangu 2011 na bado ruta zinauzwa WPS ikiwa imewashwa. Waifai itumie ulinzi wa WPA2 au WPA3. WEP, ulinzi wa zamani, isitumike kabisa.

Kisha ugawe mtandao. Nywila ya waifai ya ofisi ndogo haikai siri: dereva anaijua, mteja aliyesubiri nyaraka anaijua, jirani anaijua. Mradi wote wako kwenye mtandao mmoja, simu ya mteja iko hatua moja kutoka seva ya uhasibu. Wageni wawe na mtandao wao unaotoka nje tu. Kamera na DVR ziwe na wao. Kompyuta za kazi peke yake. VLAN, yaani mitandao inayotenganishwa kwa mipangilio tu, zinafanya hivyo kwa swichi ya kusimamiwa na ruta inayoziruhusu, bila kuvuta waya mpya.

Thamani ya mgawanyo huo ilionekana tarehe 12 Mei 2017, programu ya WannaCry ilipofunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kudai fidia. Haikusubiri mtu abofye; ilitafuta kompyuta zenye toleo la zamani la SMB, huduma ya Windows ya kushirikishana mafaili, kupitia mlango namba 445, ikaruka kutoka moja hadi nyingine. Microsoft ilikuwa imetoa kinga tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Katika mtandao usiogawanywa, kompyuta moja isiyosasishwa ilitosha.

Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yamekoma tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi zina mashine ambazo Windows 11 haizikubali. Kama kuzibadilisha zote hakuwezekani, anza na ya uhasibu na ya malipo ya benki, na zilizobaki zitenge. Kuhusu Windows na Office za "kukraki" sina maneno laini: programu ya kuvunjia leseni inakutaka uzime antivirusi na uipe mamlaka ya msimamizi, yaani inaomba kile hasa ambacho mwizi angeomba. Kama leseni ni ghali, LibreOffice ni bure na inafungua nyaraka nyingi za ofisi vizuri tu.

Kuna mlango mmoja zaidi, nao hufunguliwa kwa nia njema. Bosi anataka kufanya kazi akiwa nyumbani, fundi anafungua mlango namba 3389, wa huduma ya kuendesha kompyuta kwa mbali, kwenye ruta ili aifikie kompyuta ya ofisi. Ndani ya muda mfupi majaribio ya kubahatisha nywila yanaanza kumiminika kutoka kila pembe ya dunia, na wahalifu wengi wa kudai fidia wamepitia hapo. Tumia VPN, njia iliyosimbwa kati ya nyumbani na ofisi; WireGuard, mojawapo ya aina zake, ni nyepesi na ruta nyingi za kisasa zinayo. Mlango wa 3389 ufungwe.

Nakala, sheria na mtu anayeondoka

Programu za kudai fidia hufunga kila diski zinayoiona. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva mwaka mzima itafungwa pamoja na seva. Ziwepo diski mbili zinazopokezana, moja ikiwa imechomolewa na kulala nje ya ofisi, na kila mwezi rudisha faili moja la uhasibu kutoka kwenye nakala hadi lifunguke. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haina uhakika wowote.

Ofisi inayotunza TIN, namba za pasipoti na hati za wateja ina wajibu wa kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Kenya ina yake ya 2019, inayotaka uvujaji wa taarifa wenye hatari ya madhara uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Huwezi kuripoti usichojua kimetokea, na hapo ndipo kumbukumbu za ruta zinapohitajika. Zielekeze zihifadhiwe kwenye kompyuta nyingine, ili umeme ukikatika zisipotee.

Andika yote kwenye karatasi moja: kila kifaa, MAC yake, anwani yake, tundu lake kwenye swichi, mahali kilipo, na nani alikifunga. Weka lebo kwenye ncha zote mbili za kila waya. Kifaa kikitokea kwenye orodha ya ruta na hakimo kwenye karatasi, kitafute hadi ukijue. Simu zitakusumbua kidogo hapa, kwa sababu za kisasa hujibadilishia MAC. Ziache kwenye mtandao wao na orodha ya vifaa vya waya itabaki safi.

Nywila za vifaa zisikae kichwani mwa fundi peke yake. Nimeona ofisi zikilazimika kufuta mipangilio yote ya ruta na kuanza upya kwa sababu fundi aliyeifunga hapatikani, na nyingine ambazo fundi wa zamani bado alikuwa na njia ya kuingia bila mwenye ofisi kujua. Mwenye ofisi adai akaunti yake ya msimamizi, nakala ya mipangilio ya ruta kwenye faili, na orodha ya kila njia ya kuingia kutoka nje. Mkataba wa fundi ukiisha au mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ya VPN ifutwe, ya barua pepe ifungwe, ruhusa yake kwenye mfumo wa forodha na wa benki iondolewe, na nywila ya waifai ya wafanyakazi ibadilishwe siku hiyohiyo, kabla hajashuka ngazi.